Maswali yenu: Ash'ath bin Qays, mfalme wa Kinda aliyesahau kuandika jina lake

Toleo lililopita niligusia vita vya Siffin, vile vya Khalifa Ali na Muawiya liwali wa Sham, kwa mistari michache tu, nikamtaja Ash'ath bin Qays kuwa ndo mtu aliyemshikilia Sayyidna Ali mpaka vita vikasimama, basi tangu siku hiyo simu haijapumzika. Wengine mmekasirika, wengine mnauliza huyu ni nani hasa mbona madrasa hatukufundishwa. Nimechukua maswali matano, yale yanayofanana nimeyaunganisha, na mnivumilie maana la kwanza na la tatu majibu yake marefu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi niko Tanga. Bibi yangu mzaa mama asili yake Hadhramaut na alikuwa anatuambia kina Ash'ath walikuwa wafalme huko kwao. Sasa kuna klipu inazunguka watsapu, shekhe anasema huyu mtu aliritadi, yani aliacha Uislamu, baada ya kufa Mtume (s.a.w.), akapigwa, akaletwa Madina amefungwa. Alafu mwisho wa klipu anasema akamuoa dada yake Abubakar! Nimechanganyikiwa kabisa, mtu anaritadi anapewa mke? Tena nyumbani kwa khalifa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Bibi yako kasema kweli na shekhe wa kwenye klipu naye kasema kweli, ila klipu ni dakika mbili na maisha ya Ash'ath ni miaka sitini na kitu ya siasa tupu.

Jina lake hasa ni Maadikarib. Ash'ath ni jina la utani, yani mwenye nywele timtim, likamganda mpaka leo. Alikuwa mkuu wa Banu Harith bin Muawiya, ukoo mmoja mkubwa wa Kinda kule Hadhramaut, na Kinda sio kabila la kubeza, kabla ya Uislamu wafalme wao walishawahi kutawala makabila mpaka katikati ya Bara Arabu. Wanasimulia kwamba ujanani alitoka kwenda kulipa kisasi cha baba yake, akatekwa, na watu wake wakamkomboa kwa ngamia 3,000. Hata kama mtu akisema hesabu imeongezwa chumvi, inaonyesha watu walimchukuliaje.

Mwaka 631, yani mwaka wa 10 wa Hijra, akaenda Madina na ujumbe wa Kinda, wengine wanasema wapandaji 60 wengine 80. Waliingia msikitini wamechana nywele zao vizuri, wamepaka wanja, wamevaa majoho ya Yemen yaliyotiwa hariri pembeni. Mtume (s.a.w.) akawauliza, hamjasilimu? Wakasema tumesilimu. Akawaambia sasa hiyo hariri shingoni ya nini? Wakaichana palepale wakaitupa. Mimi hapo huwa nasimama kidogo kila nikisoma, maana hawa ni watoto wa wafalme na hariri ile ilikuwa ndo ufalme wenyewe.

Alafu Ash'ath akafanya jambo ambalo kila mkuu wa kabila wa zama zile angelifanya, akamposesha dada yake Qutayla kwa Mtume. Wakati ule ndoa ndo ilikuwa mkataba, ukishaozana na watu umeshaingia kwao na wao wameingia kwako. Lakini Mtume akafariki kabla bibi harusi hajafika, na huo mlango ukafungwa.

Sasa vita. Liwali wa Madina kule Hadhramaut alikuwa Ziyad bin Labid, Answari, mtu mkali. Ugomvi ulianza na ngamia jike mmoja tu. Alipigwa chapa ya zaka kwa makosa, mwenyewe akasema huyu siye, chukueni mwingine badala yake, Ziyad akakataa katakata akasema chapa imeshapigwa. Wale wakaona ni dharau, wakamfungua ngamia kwa nguvu, ndo moto ukawaka. Wakuu wanne wa Kinda, ambao walikuwa wanaitwa wafalme wanne, wakauawa usiku mmoja, na mateka wao walipokuwa wanapitishwa karibu na watu wa Ash'ath wanawake wakamlilia kwa jina, ewe Ash'ath, shangazi zako hawa! Mpaka hapo alikuwa bado hajaingia vitani. Akatoka na watu wake akawakomboa, na ndo hivo akajikuta kiongozi wa uasi.

Kwa iyo ukiniuliza aliritadi kwa sababu alikuwa ameacha kuamini, nitakwambia alichokikataa kwa dhahiri ni mkono wa Ziyad na zaka ya kupelekwa Madina, na baada ya pale alikataa kuwaacha mashangazi zake. Madina wao walihesabu yote hayo ni ridda, yani kuritadi, na Abubakar alikuwa na msimamo wake unaojulikana, hata kamba ya ngamia wakininyima nitawapiga.

Wakazingirwa kwenye ngome ya Nujayr, karibu na Tarim, hiyohiyo Tarim ambayo masharifu wengi wa Lamu na Unguja wanahesabia asili yao. Walioizingira ni majemadari wa Madina, Ziyad, Muhajir bin Abi Umayya na Ikrima bin Abi Jahl. Njaa ilipozidi Ash'ath akatoka kutafuta amani, akapewa amani ya watu wachache kwa majina, riwaya nyingine zinasema kumi nyingine zinasema 70, waandikwe kwenye karatasi halafu ngome ifunguliwe. Akaandika majina ya jamaa zake. Jina lake mwenyewe akalisahau! Mlango ukafunguliwa, waliokuwa kwenye orodha wakaachiwa, wapiganaji wengine wote wakauawa, wanawake wakatekwa. Alipotafutwa yeye kwenye karatasi hayumo, Muhajir akataka kumchinja, wenzake wakamshauri ampeleke kwa khalifa akaamue.

Hao wanawake ndo wa kukumbukwa hapa. Njiani wakielekea Madina walikuwa wanamlaani, wakampa jina urf an-nar, kwa Kiyemeni cha wakati ule ndo msaliti. Mimi naliona hilo ni hukumu nzito kuliko ya khalifa yeyote, kwa sababu walioitoa ndo walewale ambao kilio chao kilimtoa nyumbani kwenda vitani.

Mbele ya Abubakar akaomba asamehewe, akasema niache hai nitakufaa kwenye vita vyako na unirudishie mke wangu, maana alikuwa ameshamposa Umm Farwa, dada yake Abubakar, tangu ule ujumbe wa kwanza. Akasamehewa na akaozwa. Hapo ndo ulipochanganyikiwa, mwanangu, lakini angalia ramani ya mwaka 633, khalifa anaanza kupeleka majeshi Iraq na Sham (Syria na jirani zake) na anahitaji watu wa Yemen kwa maelfu, na Kinda hawatamfuata mtu mwingine. Ukimuua mkuu wao umebaki na kisasi, ukimuoza dada yako umebaki na jeshi. Sisemi huruma haikuwepo, Abubakar alikuwa mtu mpole na hilo linajulikana, ila siasa ilikuwepo pia. Na ziko riwaya kwamba akiwa kitandani karibu na kufa Abubakar alisema anajuta hakumkata shingo Ash'ath siku ile aliyoletwa mateka.

SWALI: Mwalimu ni kweli siku ya harusi yake alichinja ngamia za watu sokoni bila ruhusa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ndiyo, kisa hiki ni maarufu. Alitoka na upanga akaingia soko la ngamia, kila ngamia aliyekutana naye dume au jike akamkata mishipa ya miguu, watu wakapiga kelele Ash'ath kakufuru tena! Alipomaliza akautupa upanga akasema, wallahi sijakufuru, ila huyu bwana kaniozesha dada yake, na tungekuwa kwetu walima wangu usingekuwa hivi. Enyi watu wa Madina chinjeni mle, na nyinyi wenye ngamia njooni mchukue bei zenu. Akalipa wote.

Fikiria, huyu mtu wiki chache nyuma alikuwa amefungwa kamba. Watu wa Madina walimjua kama mateka, na kwa asubuhi moja akawalazimisha wamjue kama mfalme.

SWALI: Assalaam alaykum ustadh. Sisi ni kikundi cha kusoma historia hapa Maskati, wengi wetu wazazi wetu wametoka Unguja. Tumebishana sana juu ya Siffin. Baadhi yetu wanasema Ash'ath alikuwa amenunuliwa na Muawiya tangu mwanzo ndo maana akamlazimisha Ali akubali suluhu na akamchagua Abu Musa awe mwamuzi. Wengine wanasema alikuwa na nia njema. Wewe unaonaje, na tafadhali usitujibu kisiasa.

JIBU: Waalaykum salaam ndugu zangu. Sitawajibu kisiasa, nitawaambia ninavyoona.

Lazima tuanze kabla ya Siffin. Abubakar na Omar walikuwa waangalifu na walioritadi, hawakuwapa uongozi mkubwa, lakini Ash'ath alipigana, jicho moja alilipoteza kwenye vita vya Yarmuk, akawepo vita vya Qadisiyya na Nihavand, na mji wa Kufa ulipoanzishwa mwaka 638 akakaa huko na Kinda wakapata mtaa wao. Zama za Othman akawa liwali wa Azerbaijan. Na kuna jambo dogo ambalo kwangu linaeleza mengi, alibadilishana na Othman ardhi yake ya Hadhramaut akapewa shamba la Tizanabad karibu na Kufa. Yani nyumbani kwa wafalme kakuuza, ufalme wake sasa ni watu, ni lile kabila lililohamia Iraq, na mtu ambaye mali yake ni watu hawezi kukaa anatazama watu wanakwisha.

Ali alipotawala akamwandikia barua, cheo chako si tonge la kula, ni amana shingoni mwako, leta hesabu. Ash'ath akaogopa, akafikiria kukimbilia kwa Muawiya. Watu wake wakamwambia kufa ni bora kuliko hilo, utauacha mji wako na jamaa zako uende ukawe mkia wa watu wa Sham? Akaona haya, akarudi Kufa. Hapo Ali akampokonya uongozi wa Kinda na wa Rabia, kabila jingine, akampa mtu wa Rabia, ikawa zogo kubwa, watu wa Yemen wakakasirika, Muawiya huko aliko akasikia akajaribu kuchochea, mwishowe Ali ikabidi amtulize kwa kumpa ubavu wa kulia wa jeshi. Kwa iyo kinyongo kilikuwepo, tusidanganyane.

Lakini Siffin penyewe alipigana. Watu wa Sham walipoyashika maji ya Furati na jeshi la Iraq likawa na kiu, Ash'ath ndo alikwenda kwa Ali akasema, watatunyima maji na wewe uko nasi na panga tunazo? Yeye na Ashtar, jemadari wa Ali, wakawafurusha, alafu Ali akaamuru wale wa upande wa pili nao waachiwe wanywe. Mtu aliyenunuliwa angenyamaza tu siku ile, kiu ingemfanyia kazi yake.

Mimi naona kilichomgeuza ni ule usiku wa Harir, vita vilivyopigwa mpaka alfajiri. Akasimama mbele ya Kinda akawaambia, mimi nimefika umri huu na sijaona siku kama hii, tukirudiana tena kesho Waarabu wamekwisha, na siogopi kufa, ni mzee, naogopa wanawake na watoto tukishamalizika. Kumbukeni upande wa pili kulikuwa na nani. Shurahbil bin Simt, Mkinda, mkubwa wa watu wa Hims, ambaye wakati wa ridda alibaki upande wa Madina, naye alikuwa pale na watu wake. Ni Kinda kwa Kinda. Na aliyekuwa anasema maneno hayo ni mtu aliyewahi kuona ngome inafunguliwa na watu wake wanachinjwa mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hakuitaja Nujayr usiku ule, hayo ni mawazo yangu, ila kila nikisoma yale maneno ya wanawake na watoto siwezi kuyatenga na Nujayr.

Wanasema Muawiya alipoletewa habari za hotuba ile akasema kasema kweli, na asubuhi watu wa Sham wakainua misahafu kwenye mikuki, yani Qurani iamue. Ali akawaambia ni hila, ushindi uko karibu. Ash'ath akawa wa mbele kushikilia vita visimame. Hapa mnaosema alikosea mna haki, kwa sababu Ashtar alikuwa amebakisha kidogo tu kuifikia kambi ya Muawiya. Kusimamisha vita kwa sababu ya damu naweza kumwelewa, wala simwoni msaliti kwa hilo.

Nisichoweza kumtetea ni uchaguzi wa mwamuzi, maana walikubaliana kila upande utoe mtu mmoja wa kuamua. Muawiya kamtoa Amr bin Aas, mjanja wa wajanja. Ali akamtaka Ibn Abbas, binamu yake, Ash'ath akakataa, akasema wallahi hawatatuhukumu watu wawili wa Mudhar (Waarabu wa kaskazini, Maquraishi wakiwemo) mpaka Kiyama, lazima mmoja awe mtu wa Yemen. Ali akasema basi Ashtar, naye wa Yemen. Akajibu, nani aliyeiwasha moto ardhi kama si Ashtar? Akang'ang'ania Abu Musa, ambaye hakuwa hata vitani na ambaye alikuwa akiwazuia watu wa Kufa wasitoke na Ali. Ndo pale ninapouona ukomo wake. Swali lilikuwa nani awe khalifa wa Waislamu, yeye akalipima kwa ukabila, Yemen ipate kiti chake mezani hata kama aliyekikalia si wa kuliweza jambo lenyewe. Akaenda mbele zaidi, watu wa Sham walipokataa Ali asiandikwe Amirul Muuminina kwenye ule mkataba, yeye akasema lifute hilo jina.

Kununuliwa? Tuhuma ipo, na waliompinga waliiandika sana. Lakini hongo haihitajiki kumweleza. Kinyongo, uchovu, damu na ukabila vinatosha.

Alafu akauchukua ule mkataba, akapanda mnyama wake akawa anapita kambi kwa kambi anawasomea watu. Alipofika kwa Banu Tamim, Urwa bin Udayya akamtokea, akamuuliza, mnawaweka watu wahukumu katika jambo la Mwenyezi Mungu? Basi wako wapi maiti wetu, Ash'ath? Akampiga na upanga, ukamkosa ukampata mnyama kiunoni. Neno la kwamba hakuna hukumu ila ya Mwenyezi Mungu likaenea kuanzia siku hizo, na nyinyi huko Oman mnajua jinsi Ibadhi wanavyowakumbuka watu wa Nahrawan, wale waliojitenga na Ali kwa kukataa uamuzi huo naye akawapiga hapo Nahrawan, na nini kilifuata. Ash'ath alighadhibika, watu wake wakamiminika kwake, mpaka wakubwa wa Tamim wakiwa na Ahnaf bin Qays wakaja kumwomba radhi na yeye akakubali. Yakaisha kikabila hivo, wakubwa kwa wakubwa, na lile swali la maiti halikujibiwa na mtu.

Baada ya Nahrawan mwaka 658 Ali akataka jeshi liendelee Sham moja kwa moja. Ash'ath tena ndo aliyesimama kusema mishale imekwisha na panga zimekuwa butu, turudi Kufa tujiandae. Wakarudi, wakatawanyika majumbani, na hawakutoka tena.

SWALI: Je tunaweza kumhesabu ni Sahaba na kusema radhiyallahu anhu? (Wasomaji watatu, Dodoma, Kigoma na Bujumbura)

JIBU: Wanazuoni wa Sunni wengi wanamhesabu Sahaba, kwa sababu alikutana na Mtume akiwa Muislamu na akarudi kwenye Uislamu baada ya ridda, ingawa wapo waliojadili kama ridda inafuta usahaba au haifuti. Ukisoma tafsiri ya aya ya 77 ya Aal Imran utamkuta, yeye mwenyewe anasema aya hiyo iliteremka kwa ajili yake, alikuwa na ugomvi wa kisima na jamaa yake, Mtume akamwambia lete mashahidi wako wawili ama yeye aape, akasema basi ataapa tu na hajali. Aya ikashuka kuonya wanaouza ahadi ya Mwenyezi Mungu na viapo vyao kwa thamani ndogo. Hadithi hiyo imo katika Bukhari. Mashia wanamtazama vingine kabisa, wananukuu maneno makali ya Ali juu yake akiwa mimbarini Kufa. Mimi nikimtaja namtakia radhi, na asiyemtakia sigombani naye.

SWALI: Alikufaje, na watoto wake walifanya nini? Nasikia binti yake ndo alimpa sumu Hasan.

JIBU: Alikufa Kufa mwaka 661, muda mfupi baada ya Ali kuuawa, na inasimuliwa kuwa Hasan bin Ali ndo alimsalia. Hasan alikuwa mkwewe, kamuoa Jaada binti Ash'ath. Tuhuma ya sumu ipo kwenye riwaya nyingi na wapo wanazuoni wanaoikataa, mimi siwezi kuapa juu ya kifo cha chumbani.

Wanawe wanajulikana zaidi. Muhammad, aliyezaliwa na Umm Farwa, alikuwa mkubwa wa Kinda upande wa maliwali wa Bani Umayya, na ndo aliyepewa kazi ya kumleta Hujr bin Adi, mfuasi wa Ali ambaye ni Mkinda mwenzake, na baadaye kumkamata Muslim bin Aqil, mjumbe wa Husein, kwa ahadi ya amani ambayo liwali hakuitimiza. Mdogo wake Qays alikuwa Karbala mwaka 680 kwenye jeshi lililomuua Husein. Muhammad akauawa akipigana na Mukhtar, aliyeinuka Kufa kulipa kisasi cha Husein. Mjukuu, Abdurrahman bin Muhammad, akapewa na Hajjaj, liwali wa Iraq, jeshi zuri mpaka likaitwa jeshi la tausi, apigane mashariki huko Afghanistan ya leo, akaligeuza likarudi kumpiga Hajjaj mwenyewe, na kwa muda karibu Iraq nzima ikawa nyuma yake mpaka aliposhindwa kwenye vita vya Dayr al-Jamajim. Baada ya hapo hakuna tena mtu wa nyumba ile aliyeitikisa dola. Ila kama kijana wako anasoma falsafa chuoni akakutajia Kindi, yule wa Baghdad aliyeandika mambo ya hesabu, nyota na muziki, mwambie huyo naye wanahesabu nasaba yake mpaka kwa Ash'ath.